Earl Grey: jina moja la kikabaila, chai za kila namna

Jina la Earl Grey halina mwenyewe. Kampuni yoyote inaweza kulibandika kwenye chai yake, ndiyo maana pakiti mbili zenye jina hilohilo hutofautiana kama mbingu na ardhi.

Kinachoipa chai hii sifa yake ni mafuta ya maganda ya bergamoti, tunda la jamii ya limau linalolimwa hasa Calabria, kusini mwa Italia. Soma viungo kabla ya kulipa. Pakiti inayotaja mafuta ya bergamoti ina matumaini. Inayotaja "ladha" tu mara nyingi hunukia sana ikifunguliwa, kisha kikombeni huacha ladha ya sabuni. Majani makubwa ya China huibeba bergamoti vizuri. Vumbi la chai la kwenye vifuko hukolea upesi na kuwa chungu, tunda lisisikike.

Tia gramu 2 hadi 2.5 kwenye buli, mimina mililita 200 za maji yaliyotoka kuchemka, funika, chuja baada ya dakika 3. Zikifika 5, ukakasi umeshatawala. Usichemshe majani sufuriani: mafuta ya bergamoti hutoka na mvuke, ukabaki na chai ya kawaida uliyoilipia zaidi. Kopo nalo lifungwe barabara na likae mbali na chai nyingine, maana harufu huhamia.

Grey mwenyewe ni Charles, waziri mkuu wa Uingereza 1830 hadi 1834. Serikali yake ilipitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833. Husimuliwa kwamba alizawadiwa chai hii China, lakini hakuwahi kufika huko.

Lady Grey, chai ya kampuni ya Twinings, ina maganda ya machungwa na malimau pia. Ni laini zaidi, inamfaa anayeona bergamoti kali. Kwa London Fog, yaani Earl Grey yenye vanila na maziwa moto ya povu, tia majani mara mbili ya kipimo, la sivyo maziwa yatameza harufu yote. Limau litie tu kwenye kikombe kisicho na maziwa. Vikikutana, maziwa hukatika.