Gari la kubana mafuta: kwa nini nilichukua Demio ya CC 1300 nikaacha za CC 1000

Ukimwambia mtu yeyote unatafuta gari lisilokula mafuta, atakujibu palepale: chukua CC ndogo, yaani injini ndogo. Nilijaribu za CC 1000 zenye silinda tatu, ni gari nzuri tu, lakini mwisho nilichukua Mazda Demio ya CC 1300, ile iliyotoka mwaka 2011 na SkyActiv, injini ya Mazda ya kubana mafuta. Kwa matumizi yangu, nusu foleni na nusu barabara kuu nikiwa nimepakia familia, inabana mafuta kuliko hizo ndogo.

Tofauti inaonekana mlimani. CC 1000 ukiwa peke yako mjini haina shida. Pakia watu wanne na mabegi, kisha ukutane na mwinuko mrefu: mguu unazama kwenye pedeli, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapita elfu nne, injini inalia, na gari bado linajikokota. Hapo ndipo ile CC uliyoikwepa unailipia kwenye tangi. Demio kwenye mlima uleule na mzigo uleule inapanda bila kulazimika kukanyaga sana.

Siri yake ni kompresheni, yaani hewa na mafuta vinabanwa mara ngapi ndani ya silinda. Injini nyingi za petroli za wakati ule zilikuwa kwenye 10 au 11 kwa 1. Hii ni 14 kwa 1. Mchanganyiko wa hewa na mafuta ukibanwa zaidi kabla ya plagi kutoa cheche, tone lilelile linatoa kazi kubwa zaidi. Kwa kawaida ukibana hivyo injini inaanza kugonga, ila hapa petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, nayo inapogeuka mvuke inapooza ile hewa. Gari lenyewe nalo ni jepesi, lina uzito wa tani moja na ushee.

Sasa namba za kiwandani, na hapa watu wengi wanaingia mkenge. Demio hii ilitangazwa Japani kuwa inakwenda kilomita 30 kwa lita. Kwa kipimo kilichofuata kiitwacho JC08, gari lilelile, injini ileile, likasomeka kilomita 25. Kwa hiyo ukilinganisha magari mawili, hakikisha kwanza yamepimwa kwa kipimo kimoja. La sivyo unalinganisha karatasi. Mimi barabara kuu napata 17 hadi 18, kwenye foleni nzito 12 au 13. Napima kwa kujaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, narudisha trip kwenye sifuri, natembea, najaza tena hadi ijikate, kisha nagawa kilomita kwa lita zilizoingia. Ile namba ya kwenye dashibodi ni ya kujifariji.

Mwendo nao una kauli kubwa. Ukitoka 90 kwenda 120, nguvu ya upepo unaolizuia gari inapanda kwa karibu asilimia 78, na hakuna SkyActiv itakayokuokoa. Upepo wa tairi ukiwa pungufu, vilevile.

Yasiyonifurahisha? Viti vya nyuma ni finyu kwa watu wazima watatu. Mfumo wa kuzima injini ukisimama kwenye foleni unataka betri maalumu, ambayo ni ghali kuliko ya kawaida, kwa hiyo uiweke kwenye hesabu mapema. Giaboksi ni CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, inataka oili yake yenyewe. Muuzaji akikwambia oili yoyote ya otomatiki inafaa, ondoka.

Ukienda kukagua gari lililotumika, usiridhike na kuliwasha pale lilipoegeshwa. Liendeshe hadi lipate moto, kisha kanyaga taratibu kutoka kusimama; likishtuka au kutetema, CVT ina neno. Baada ya mwendo sogeza kiganja karibu na rimu, bila kugusa: rimu moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki yake inashika, na breki inayoshika inakula petroli usiku na mchana.

Kama unatembea peke yako, safari fupi, barabara tambarare, CC 1000 bado inakutosha na utabaki na chenji. Kama unabeba watu na kuna milima, jaribu 1300 kwanza, tena ukiwa umepakia mzigo wako wa kawaida.