Katiba darasani: chati ya ukutani au igizo la Bunge?

Walimu wa uraia hapa Bagamoyo hatuishi kubishana: Katiba ya mwaka 1977, yenye sura 10, ifundishwe kwa chati au kwa igizo?

Chati ni manila moja na kalamu za rangi. Igizo halidai hata hizo, ila linakula vipindi, na vipindi ndivyo tunavyovikosa. Chati nayo hutaka matunzo. Unyevu wa bahari huikunja, nawe ukalazimika kuiandika upya.

Kwa mpangilio, chati inashinda. Mwanafunzi anaona haki za msingi zimo sura ya kwanza kuanzia ibara ya 12, Serikali ya pili, Bunge ya tatu, Zanzibar ya nne, Mahakama ya tano. Lakini haimwonyeshi mihimili ya dola, yaani Serikali, Bunge na Mahakama, inavyobanana. Mpe mmoja uspika, mwingine urais, wapitishe muswada, kisha Rais akatae kutia saini. Darasa zima litataka kujua kinachofuata, na ibara ya 97, yenye sharti lake la theluthi mbili ya wabunge, itasomwa kwa hamu. Nimeliona hilo mara nyingi na bado linanifurahisha. Tena watoto wa huku, TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, ikiwa jirani, wamezoea maigizo. Hawaoni haya kusimama.

Mwenye wanafunzi 90 na mtihani wiki tatu mbele, abandike chati. Mwenye darasa dogo na muhula mzima, aitishe Bunge, na wanyamavu awape ukatibu, la sivyo wasemaji watano tu ndio watakaojifunza.