Uzoefu wangu: kuomba transkripti kwenye chuo cha kanisa kilichobadili jina

Nyota tatu kati ya tano. Ningeandika haya wiki ya tatu ya sakata ningetoa moja, na hiyo moja ingekuwa ya mlinzi wa getini aliyenipa kiti.

Chuo sikitaji. Ni cha kanisa, kipo Tanzania, na nilipohitimu mwaka 2009 kilikuwa bado chuo kikuu kishiriki, yaani kilikuwa chini ya chuo kikuu kingine, chuo mama. Leo ni chuo kikuu kamili, kina jina jingine na nembo nyingine. Cheti changu kina jina la chuo mama, ambako sijawahi kuketi darasani hata siku moja. Jambo hilo nililijua tangu siku ya mahafali, ila halikunisumbua mpaka mwaka jana nilipoomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Kanada. Chuo cha huko kilitaka transkripti, yaani orodha rasmi ya matokeo yangu, itoke kwa msajili moja kwa moja, ndani ya bahasha iliyofungwa na kugongwa mhuri pale inapofungiwa.

Nikajaza fomu kwenye tovuti ya chuo, nikalipa shilingi 30,000, nikapata ujumbe kwamba ombi limepokelewa. Siku kumi na sita kimya. Halafu likaja jibu la mstari mmoja: hatuna kumbukumbu ya mhitimu huyu. Hakuna salamu wala jina la aliyeandika. Nilikuwa ofisi ya walimu, na cheti chenyewe kiko mkobani. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza nilikinunua mtaa gani.

Jioni ile nikakaa kuchambua ukoo wa chuo changu, kazi ambayo ningemshauri yeyote aifanye kabla ya kulipa hata shilingi. Maana vyuo hivi vina ukoo kama watu. Ukienda kwa Wakatoliki, SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) ya Mwanza ilianza mwaka 1960 kama kituo cha mafunzo ya jamii pale Nyegezi, ikaja kuwa chuo kikuu mwaka 1998 chini ya Baraza la Maaskofu. Ikazaa vyuo vishiriki, na miongoni mwao Mwenge ya Moshi na Ruaha ya Iringa vikapata kujitegemea mwaka 2014. Ukienda kwa Walutheri, kuna chuo cha teolojia kilichohamia Makumira mwaka 1954, ambacho miaka ya tisini kiliingia kwenye Chuo Kikuu cha Tumaini pamoja na ndugu zake. Iringa alikuwa mmoja wa hao ndugu, mpaka mwaka 2013 alipoondoka na kuitwa Chuo Kikuu cha Iringa. Na si bahati kwamba wote hawa walijiita vyuo vikuu karibu wakati mmoja. Mwaka 1995 sheria ya elimu ilirekebishwa likaundwa Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu, na mlango ukafunguka kwa vyuo visivyo vya serikali. Kazi za baraza hilo zilikuja kurithiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mwaka 2005.

Sasa, chuo kishiriki kinafundisha, kinasahihisha, kinapokea ada na kutunza faili la mwanafunzi. Shahada lakini ni ya chuo mama, na seneti ya mama ndiyo inayopitisha matokeo. Mtu mmoja basi ana kumbukumbu sehemu mbili, na siku mtoto anapopata hati idhini yake (kibali cha kuwa chuo kikuu kamili) na kuhama, makaratasi hayapandi basi moja. Kwetu mfumo wa kompyuta ulianza na wanafunzi wa jina jipya. Aliyenijibu alinitafuta kwenye kompyuta, hakuniona, akafunga hoja.

Nikaomba ruhusa ya siku mbili kazini, nikapanda basi la usiku.

Pale masijala nilimkuta mama mmoja wa makamo, kitenge begani, anachana bahasha za zamani ili atumie upande wa ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umemaliza lini?"

"2009."

Akavua miwani. "Basi wewe ni wa enzi za mama. Kompyuta haikujui wewe."

Hakuniuliza jina. Aliuliza namba ya usajili, nami namba nilishaisahau siku nyingi. Akavuta kijitabu cha mahafali ya mwaka ule, akapitisha kidole kwenye orodha mpaka tukafika kwenye jina langu la kabla ya ndoa. Kisha akauliza niliingia mwaka gani, kwa sababu faili za pale zimepangwa kwa mwaka wa kuingia, si wa kutoka. Hilo peke yake linaweza kukupotezea siku nzima kama aliye zamu ni kijana mgeni. Rejesta ya 2006 ni kitabu kikubwa cha jalada gumu, mistari imepigwa kwa rula, wino wa bluu. Mstari wangu ulikuwa na jina, shule ya kidato cha sita, mdhamini, na safu ambayo chuo cha serikali usingeikuta: dhehebu, pamoja na alama ya vema kwamba barua ya utambulisho kutoka usharikani ililetwa. Pembeni kulikuwa na deni la maktaba kwa wino mwekundu, "kitabu 1", limekatwa kwa mstari na kuandikwa tarehe. Kile kitabu nilikilipia kwa machozi, na wao wameandika kila kitu.

Faili lilitoka chini ya dakika arobaini, kavu, halina hata tundu la mchwa. Ndani nimebandikwa mimi wa miaka ishirini na moja, nimesuka twende kilioni, nimenuna. Nikamwomba ile picha.

"Hiyo mali ya chuo, mwanangu."

"Chuo kipi mama, hiki au kile?"

Alicheka mpaka akakaa. Picha hakunipa.

Alichonipa ni maelezo ambayo tovuti ilipaswa kuwa nayo. Wao hawawezi kutoa transkripti ya shahada ambayo hawakuitoa. Wanachofanya ni kuandika barua ya kuthibitisha kwamba nilisoma pale, wakaambatanisha nakala ya matokeo, na barua hiyo inakwenda kwa msajili wa chuo mama. Huyo ndiye anayetoa. Barua ikasainiwa siku ileile, na chuo mama wakachukua siku kumi na mbili. Wakanipigia simu kuuliza kama jina litumike la ndoa au la kwenye cheti. Tumia la kwenye cheti, kisha ambatanisha cheti cha ndoa. Ukibadilisha jina kwenye transkripti utazua kesi nyingine.

Malalamiko yangu ni mawili. Sentensi moja tu kwenye ile fomu, kwamba waliohitimu kabla ya mwaka fulani wapitie kwanza masijala, ingeniokolea wiki tano. Na ile elfu thelathini ya mwanzo hadi leo haijarudi, wala hakuna anayejua irudishwe na nani.

Nilipowasimulia rafiki zangu kwenye kundi letu la WhatsApp, mmoja wa Kisangani, Kongo, aliniambia nishukuru. Baba yake alihitimu mwaka 1970 kwenye chuo kikuu ambacho Waprotestanti walikianzisha mjini humo mwaka 1963. Mwaka 1971 serikali ilikiunganisha na Lovanium, chuo kikuu cha Wakatoliki, na chuo cha Lubumbashi, vyote vikawa chuo kimoja cha taifa, UNAZA. Mwaka 1981 UNAZA nayo ikagawanywa tena kuwa vitatu. Mzee ana shahada ya chuo kilichodumu miaka minane, na kila anapoulizwa huanza na hadithi ya nchi nzima. Mwingine, Mkenya, anafuatilia babu yake aliyesomea uchungaji Frere Town, Mombasa. Chuo kile kilianza mwaka 1903, kikahamia Limuru 1930, na tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Nyaraka za Church Missionary Society, shirika la wamisionari wa Kianglikana waliokianzisha, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Mimi nilisafiri usiku mmoja tu.

Kama wewe ni wa enzi za mama kama mimi, nenda mwenyewe au mtume ndugu mwenye barua yako ya idhini. Beba nakala ya cheti, mwaka wa kuingia, na jina ulilosajiliwa nalo. Usiende Ijumaa mchana. Na omba bahasha mbili. Ya kwanza ilikwenda Kanada. Ya pili iko kabatini kwangu, mhuri haujaguswa, na nimemkataza mume wangu hata kuisogelea, kwa sababu ikishafunguliwa hakuna atakayeipokea.