Siril ya bure au PixInsight ya laki 9? Nimezijaribu zote kwa picha zilezile

Mwezi wa 10 mwaka jana nilitoka Dodoma mjini usiku, nikashika njia ya Bahi, nikatandika mkeka pembeni ya mbuyu na kuanzia saa 9 usiku mpaka karibu saa 11 alfajiri nikapiga picha 900 za nebula ya Orioni, lile wingu kubwa la gesi na vumbi angani. Kamera ni Canon 600D ya mtumba, lenzi ya milimita 135, stendi ya kawaida tu, kifaa cha kufuata nyota sina. Hizo picha 900 nimezipitisha kwenye Siril, programu ya kuchakata picha za anga ambayo ni bure kabisa, halafu nikazipitisha tena kwenye PixInsight ambayo leseni yake ni kama euro 300 kabla ya kodi, yaani kwa hela yetu ni laki 9 hivi, ila ukiomba wanakupa siku 45 za kujaribu bila kulipa. Picha zilezile, laptop ileile. Nimefanya hivi kwa sababu vijana wanaoanza wananiuliza sana hili swali, na majibu wanayokutana nayo mengi yanatoka kwa watu wa Ulaya na Marekani wenye mitambo ya mamilioni nyuma ya nyumba zao.

Kwanza ueleweke ugumu wenyewe uko wapi. Ukiwa na lenzi ya 135 kwenye kamera kama hiyo na stendi tu, una sekunde 2 basi, ukizidisha nyota zinaanza kuvutika zinakuwa vimistari, na Orioni ndiyo mbaya zaidi maana iko karibu kabisa na ikweta ya anga ambako nyota zinakimbia kuliko kwingine kote. Kwa hiyo picha moja ukiifungua ni nyeusi tii yenye vidoti vichache, huwezi kuamini kama humo ndani kuna kitu. Kazi ya programu ni kuzistaki, yaani kuzipanga zote nyota juu ya nyota halafu kuchukua wastani, zile chenga, yaani vidoti vya ovyo vinavyotokana na kamera yenyewe, zinamezana zenyewe kwa zenyewe na mwanga wa kweli unabaki. Hesabu yake inaenda kwa kipeuo cha pili, picha 100 zinapunguza chenga mara 10, picha 900 mara 30, na ndiyo maana mtu asiye na kifaa cha kufuata nyota lazima apige nyingi sana. Dakika 30 za mwanga kwa sekunde mbilimbili.

Sasa hapo ndipo watu wengi wanapokwama, na siyo kwenye ubora wa programu, ni kwenye diski. Picha ya RAW, yaani picha ghafi, ya 600D ina kama MB 25, 900 ni GB 22 hivi, hiyo hata flashi inabeba. Lakini Siril ikishaifungulia rangi zake na kuiweka kwenye biti 32, picha moja ya megapikseli 18 inakuwa MB 216. Zidisha kwa 900, unapata GB 194, na hiyo ni hatua moja, hatua inayofuata ya kuzipanga inaandika nakala nyingine tena ya ukubwa uleule. Laptop yenye SSD ya GB 256 haiwezi, inajaa katikati ya kazi. Nilichofanya ni kuzigawa mafungu 6 ya picha 150, kila fungu linakula GB 65 hivi, nalistaki, nafuta yale mafaili ya katikati, naenda fungu la pili, mwisho nastaki yale majibu 6 pamoja. Kwenye mipangilio unaweza pia kuiambia itumie biti 16, nafasi inapungua nusu. PixInsight nayo inaandika mafaili ya katikati vilevile, kwa hiyo laki 9 haikuokoi na hili, na juu ya hapo inataka RAM ya kutosha, ukiwa na GB 8 mnabanana.

Siril kwa kweli naipenda, na naomba mtu asiidharau kwa sababu ni ya bure. Inaingia kwenye Windows, Mac na Linux. Unatengeneza folda 4 zenye majina lights, darks, flats na biases, unaweka picha za anga kwenye ya kwanza, picha za giza ulizopiga huku umefunika lenzi kwenye ya pili, za fulana nyeupe iliyovutwa mbele ya lenzi kwenye ya tatu, na zile za kasi kubwa kabisa lenzi ikiwa imefunikwa kwenye ya nne, halafu unabofya skripti moja inafanya yote yenyewe. Majina hayo yaache hivyohivyo, ukiyaandika kwa Kiswahili skripti haitaziona. Na usiruke zile za fulana hata kama umechoka kiasi gani, vumbi lililokaa kwenye sensa linatoa madoa ya duara ambayo ukishaivuta picha, yaani kuing'arisha mpaka vilivyofichika gizani vionekane, yanakaa kama alama za glasi kwenye meza.

Ikimaliza unaona bado nyeusi. Usikate tamaa, chini ya dirisha badilisha muonekano uwe wa kujivuta wenyewe, hapo ndipo nilipokaa kimya peke yangu sebuleni saa 5 usiku, lile wingu la waridi lenye mabawa limefunguka skrini nzima na juu yake kile kinebula kidogo cha bluu, na ni vumbi na gesi ambayo mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka 1,300 kuja kuanguka kwenye kamera ya mtumba njia ya Bahi. Ila huo muonekano ni wa skrini tu, picha yenyewe bado haijavutwa, ukisevu hapohapo faili linatoka jeusi. Inabidi uvute mwenyewe kwenye istogramu, ile grafu ya giza na mwanga wa picha.

Rangi Siril inazipanga kwa kuzitambua nyota zilizomo kwenye picha na kuzilinganisha na katalogi ya Gaia ya shirika la anga la Ulaya, hapo unahitaji intaneti kidogo, bando la kawaida linatosha. Ule ukijani wa kamera una kitufe chake cha kuuondoa. Kitu ambacho Siril peke yake hainiridhishi sana ni mwanga wa mji. Kwenye mafungu ya mwanzo kabla Orioni haijapanda vizuri, Dodoma ilikuwa inawaka upande wa mashariki na picha ilibaki na rangi ya chungwa inayopanda kutoka upande mmoja. Hapo ninatumia GraXpert, nayo ya bure, unafungua picha, unabofya, inakadiria lile pazia la mwanga na kulitoa, na inapunguza chenga pia. Mara ya kwanza inashusha faili la akili bandia yake kutoka mtandaoni, kwa hiyo fanya hivyo ukiwa na intaneti nzuri, na kama laptop haina kadi ya picha andaa chai. StarNet ni ya tatu, inatoa nyota zote unabaki na nebula peke yake unaivuta unavyotaka, halafu unazirudisha. Hizi 3 pamoja ni shilingi 0.

PixInsight sasa. Imetengenezwa Uhispania na Juan Conejero na wenzake, na ukiingia unahisi kabisa hii imetengenezwa na watu wanaoijua hesabu ya picha. Haikubembelezi. Kila dirisha lina kapembetatu kadogo kwenye kona ya chini, unakashika unakavuta unakadondosha juu ya picha ndipo kazi inafanyika, siku 3 za kwanza unatafuta tu vitu viko wapi. Skripti yake ya kustaki inaipima kila picha na kuipa uzito wake, iliyopigwa wakati upepo umetikisa stendi inahesabiwa kidogo, na unaweza kuilisha usiku 5 tofauti ikapanga yenyewe za giza za usiku upi ziende na anga ya usiku upi. Lakini picha yangu iliyotoka, baada ya kustaki tu, nimeiweka pembeni ya ile ya Siril nikazisogeza mpaka pikseli inaonekana kama tofali, nimemuita na mke wangu aangalie bila kumwambia ipi ni ipi. Hatukuona tofauti. Kwa usiku mmoja na kamera ya rangi, kwenye kustaki hulipii kitu.

Tofauti nimeiona sehemu 2. Katikati ya Orioni panang'aa sana, ukivuta ili mabawa yaonekane pale katikati panakuwa doa jeupe. Kifaa cha PixInsight cha kutuliza sehemu kama hizo kilinirudishia mikunjo ya gesi kuzunguka nyota za Trapezium, zile 4 zilizobanana katikati ya nebula, ndani ya dakika chache. Kwa lenzi ya 135 huwezi kuzitenganisha zile nyota 4 hata ufanyeje, ila doa halikuwepo tena. Kwenye Siril nimefika karibu na hapo kwa ile njia yake ya kuvuta picha inayoitwa ya haiperboliki, ila nilikaa nao jioni nzima nikisogeza vitelezi.

Ya pili ni BlurXTerminator ya Russell Croman, nyongeza ya kunoa picha, ambayo nayo ina siku zake za majaribio na nimeitumia ndani ya PixInsight. Lenzi yangu ikifunguliwa f/2.8 nyota za kwenye kona zinaota mabawa kama vipepeo. Nilibofya mara moja, vipepeo vikawa vidoti vya duara. Sijaona cha bure kinachofanya hivyo kwa usafi ule kwenye picha zangu. Lakini hiyo inauzwa peke yake karibu dola 100, yaani laki 2 na nusu hivi juu ya ile 9, na nikifunga lenzi mpaka f/4 nusu ya tatizo inaondoka bure, ninachopoteza ni mwanga.

Mwezi na sayari wala usijadili, AutoStakkert ni ya bure na ndiyo wanayotumia hata wale wakubwa wa Jupita na Zohali. Na kama unataka Njia Nyeupe (Milky Way), ule ukanda wa nyota, juu ya mbuyu, Sequator ya bure kwenye Windows inazipanga nyota huku mbuyu ukibaki umetulia, hiyo inatosha kabisa.

Za kulipia kila mwezi mimi nimeacha. Kuna moja, jina naliacha, nilikuwa naitumia kumalizia picha, mwezi mmoja kadi yangu ya mtandaoni ikakataliwa, sijui kosa lilikuwa la nani, programu ikajifunga na picha za miezi 4 zenye leya zake zote nimezisevu kwa muundo wao ambao hakuna pengine panapoufungua vizuri. Niliumia kweli. Tangu hapo kila kitu nasevu FITS na TIFF, miundo inayofunguka kwenye programu nyingi, na kumalizia namalizia kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Na zile za kukreki mtu anazokuletea kwenye flashi, kataa. Nilikubali mara moja, kirusi kikala folda nzima ya Njia Nyeupe ya mwezi wa 7, mbuyu uliokuwa kwenye picha hizo ulianguka masika yaliyofuata na siwezi kuupiga tena.

Siku 45 zikaisha, sikununua. Hiyo hela nimeipeleka kwenye diski ya nje ya TB 1, na inayobaki naanza kudunduliza kifaa cha kufuata nyota, kitakachonitoa kwenye sekunde 2 kunipeleka kwenye dakika. Hata hapo angalieni jambo moja, kifaa hicho lazima kielekezwe kwenye ncha ya anga, na huku kwetu Nyota ya Kaskazini haionekani na ncha ya kusini kwa Dodoma iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, mara nyingi iko nyuma ya kilima, kwa hiyo programu za kupanga mtambo zinazotaka kamera iione ncha hazitusaidii. N.I.N.A., programu ya kuendesha kamera na mtambo, ina nyongeza inayopanga kwa pointi 3 popote angani bila kuiona ncha, na yenyewe ni ya bure.

PixInsight ningeinunua kama ningekuwa na darubini, kamera nyeusi-nyeupe yenye vichujio, na kitu kimoja nakipiga usiku 10. Kama wewe uko hapo, au unakaribia, omba zile siku 45 mwezi wa 6 anga likiwa safi na katikati ya Njia Nyeupe iko juu, usiombe Desemba, mawingu yatazimaliza zote.