Dell U2412M: kubandua utando wa kioo ili chenga ziishe

Fungua ukurasa mweupe kwenye U2412M, kisha sogeza kichwa kidogo kushoto na kulia. Weupe unametameta kama mchanga mbichi juani. Paneli haina ubovu. Monita hii ya inchi 24 iliyotoka 2011, pikseli 1920 kwa 1200, ina paneli ya LG ya IPS (aina ya skrini inayotunza rangi hata ukiitazama kwa pembeni) iliyofunikwa utando mkali wa kuzuia mng'ao. Uso wake wenye chembechembe hutawanya mwanga wa dirishani, ila hutawanya vilevile mwanga wa pikseli zenyewe. Kwa rangi na pembe za kutazamia haina shida. Kinachoiangusha ni huo utando, nao hubanduka kwa maji.

Chomoa umeme. Fremu ya mbele imeshikwa na vibanio, hivyo ipenyeze kadi ya plastiki ukingoni na kuzunguka nayo taratibu, bila kuivuta kwa nguvu, maana vitufe vya menyu vina waya mwembamba nyuma yake. Laza monita chali. Tandaza taulo za karatasi tabaka mbili, zinyunyizie maji safi hadi zilowe bila kuchuruzika, halafu funika kwa nailoni zisikauke. Maji yakipenya pembeni huingia kwenye karatasi za taa na kuacha madoa yasiyotoka, au huunguza saketi za ukingoni. Afadhali kuongeza maji mara tatu kuliko kumwaga mara moja.

Anza kujaribu baada ya muda wa saa 3. Ukiacha usiku kucha, utando hutoka kwa urahisi zaidi. Inua kona moja kwa ukucha, wala usitumie kisu, kisha vuta ukiulaza utando karibu sambamba na kioo. Ukikataa, rudisha taulo. Kulazimisha ndiko kunakoacha mistari ya gundi na vipande vilivyochanika.

Hapo kwenye kona ndipo pa kusimama kwanza. Weka kile kipande kilichoinuka juu ya karatasi nyeupe. Kikiwa na ukungu kama nailoni ya mkate, endelea. Kikiwa cha kijivu kama kioo cha miwani ya jua, hiyo ni polaraiza, tabaka linalochuja mwanga ili picha ionekane: kilaze pale pale na uachane na kazi. Ikitoka yote, skrini itawaka nyeupe tupu, na picha utaiona kwa miwani ya polaraiza tu. Paneli nyingi za siku hizi zina utando na polaraiza zilizounganika, kwa hiyo usijaribu mbinu hii kwenye monita mpya kwa sababu tu ilifaulu kwa hii.

Mabaki ya gundi yafute kwa kitambaa laini chenye maji peke yake. Spiriti na dawa ya vioo zisiguse, kwani uso uliobaki ni laini na hata kucha huuchora.

Matokeo yake? Herufi hutulia, weupe huwa mweupe kweli, na gizani weusi hukolea. Mchana, shati jeupe la anayetazama huonekana kiooni. Mwenye dirisha nyuma ya kiti aache utando ulivyo. Mwenye chumba cha mapazia mazito na monita ya mtumba iliyokwisha waranti, alowanishe.