Uzoefu wangu: maktaba ya chuo ninayoifungua nikiwa Likoni

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili nilikuwa nikitoka maktabani saa tatu usiku, taa zinazimwa nyuma yangu. Chuo kiko kisiwani Mombasa, mimi nakaa Likoni, ng'ambo ya kivuko. Yaani kutembea dakika kama kumi hadi stegi, matatu mpaka Ferry, kisha kungoja kivuko. Sikuwa nachelewa kwa kupenda. Makala nilizozihitaji zilifunguka kwa waifai ya chuo tu. Nikifika nyumbani, makala ileile ilinidai zaidi ya dola 30.

Utafiti wangu ni juu ya mama karanga, kina mama wanaonunua samaki ufuoni, wakawakaanga na kuwauza mitaani. Nataka kuelewa mtaji wao unanusurikaje wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, bahari inapochafuka na vyombo vidogo vikashindwa kutoka. Kuna watu walioandika juu ya mambo haya kwa miaka mingi, lakini sehemu kubwa ya kazi zao imo kwenye majarida ya kulipiwa.

Usiku mmoja wa Juni boda iliyopakia mtu ilipunguza mwendo kando yangu, na simu ikaenda. Sikuumia, alhamdulillahi. Ila ndani ya simu ile mlikuwa na mahojiano ya kina mama watatu ambayo sikuwa nimeyahamisha. Kilichoniliza ni hayo, si simu. Wale mama walinipa sauti zao kwa ahadi kwamba hazitasikiwa na mtu mwingine, na ahadi hiyo niliitia sahihi mbele ya kamati ya maadili ya utafiti kabla sijaomba kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa ruhusa ya kufanya utafiti Kenya. Ilinibidi nirudi kwa kila mmoja nimweleze. Mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama mumewe anaweza kuyasikia.

Sasa niseme ya ulinzi. Kuingia chuoni, mambo yako sawa: unaonyesha kitambulisho, begi linafunguliwa, unapitishwa kifaa cha kukagua chuma. Mimi foleni hiyo sijawahi kuilalamikia. Tangu tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa Chuo Kikuu cha Garissa, wazazi wetu wanalala kwa sababu wanajua kuna mtu langoni. Lakini ulinzi wote huo umeelekezwa kwa anayeingia. Anayetoka usiku hana wa kumtazama. Nilipowaeleza askari yaliyonipata, waliniambia kwa upole kabisa kwamba nje ya lango si mamlaka yao. Hata kipande cha njia kati ya maktaba na lango, kilichomo ndani ya ua, kina taa mbili zisizowaka, na niliripoti kwa maandishi mara mbili.

Ofisi ya ushauri nasaha nilipewa siku baada ya majuma mawili. Hilo ni kosa kubwa, kwa sababu mtu aliyeshtuka anahitaji mtu juma hilohilo. Siku ilipofika, mshauri alinisikiliza saa nzima bila kutazama saa, na yeye ndiye aliyenisaidia kupanga maneno ya kuwaambia wale mama. Ukutani kwake nikaona namba 1195, simu ya bure kwa aliyefanyiwa ukatili wa kijinsia. Niliinakili, kwani wawili kati ya ninaowahoji walishaniuliza mambo ya namna hiyo nikakosa jibu.

Msaada ulionibadilishia maisha ulitoka pale ambapo sikuutarajia. Nilikwenda kwa mkutubi kuomba maktaba ifunguliwe asubuhi mapema zaidi, ili nisome kabla ya usiku. Akanitazama.

"Mwanangu, mbona wajitesa? Kwani hukufunguliwa akaunti ya kusomea nyumbani?"

"Sijafunguliwa, mama. Sikujua kama ipo."

"Hebu keti."

Dakika kumi na tano zilitosha. Akanieleza kwamba wachapishaji wa majarida hawamtambui msomaji, wanatambua anwani ya mtandao wa chuo. Ndiyo maana ukiwa uani milango iko wazi, na ukivuka feri unakuwa mgeni. Akaunti hii inakuingiza kwa jina lako na nenosiri, halafu inakupitisha kwenye mtandao wa chuo popote ulipo. Akanionyesha pia Research4Life, mpango unaowapa watafiti wa nchi kama yetu majarida bure au kwa bei ndogo kupitia taasisi zao. Ndani yake mna AGORA, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, inayohusu kilimo, uvuvi na chakula. Usiku huo, nikiwa kwetu Likoni, nilishusha makala kumi na moja. Kwa miezi tisa nilikuwa nimehatarisha mwili wangu barabarani kutafuta kitu ambacho kingeweza kunifuata nyumbani, na hakuna aliyenitamkia siku ya kujisajili.

Nimeitumia sasa mwaka mzima. Navuka kabla ya Magharibi, nasoma baada ya chakula. Rekodi za mahojiano nazihamisha siku hiyohiyo kwenye hifadhi ya chuo, kisha nazifuta kwenye simu. Kasoro zipo. Bando inaliwa haraka, na mfumo hukutoa nje ukikaa kimya kidogo, hata kama unasoma ukurasa mrefu. Tena vitabu vingi havimo, na taarifa za zamani za uvuvi wa pwani yetu hazimo kabisa. Kwa hizo nakwenda Mkomani, kwenye maktaba ya KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, mchana. Huduma hii ya kusomea mbali naipa tisa juu ya kumi. Ushauri nasaha nawapa sita, na zote sita ni za yule mshauri. Taa za ile njia sizipi kitu mpaka ziwake.

Ukitaka kufunguliwa akaunti, nenda maktabani asubuhi, kabla wanafunzi hawajajaa. Chukua kitambulisho cha mwanafunzi na namba ya usajili. Hakikisha kwanza barua pepe uliyopewa na chuo inafanya kazi, maana ya Gmail hawaipokei. Pia usiondoke mezani kabla hujafungua makala moja kwa bando yako mwenyewe, waifai ya chuo ikiwa imezimwa. Mimi mara ya kwanza ilikataa, mkutubi akairekebisha palepale.