Kisanduku cha kumbukumbu: cha dukani Kariakoo au cha fundi Keko?

Mtoto aliyefiwa na mtoto aliyeasiliwa wanafanana kwa jambo moja: vitu vyao hupotea kabla hawajajua kwamba watavitaka. Arobaini ikipita, nguo za marehemu zimeshagawiwa. Anayetoka makao ya watoto huvuliwa gauni alilokuja nalo, likawa dekio. Kisanduku cha kumbukumbu ni cha kuvitunza vitu hivyo.

Maboksi ya zawadi ya Kariakoo, Dar es Salaam, yanapendeza na yanapatikana siku hiyohiyo. Ila ni karatasi ngumu. Masika yakiingia, pembe hulegea na picha za ndani hugandana. Halafu mtoto mwenye hasira atalirusha ukutani, hilo litarajie. Kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana huzuia unyevu kuliko vyote, lakini linafanana na la mchele jikoni, na mtoto huliheshimu kwa kiasi hichohicho.

Cha fundi seremala wa Keko ndicho tunachokipendekeza, ukimpa vipimo mwenyewe. Urefu sentimita 35, upana 25, kina 15: daftari la A4 linalala chini, kanga iliyokunjwa juu yake. Taka bawaba mbili na kamba fupi ya kuzuia mfuniko usiangukie vidole. Mafundi wengi hukosea kwenye vanishi, maana hupaka hadi ndani. Mwambie ndani apige msasa tu. Harufu ya vanishi humeza harufu ya kanga ya mama, na harufu hiyo ndiyo mtoto anayoifuata. Kanga yenyewe isifuliwe; itie kwenye kikopo kinachobana, ndani ya kisanduku. Picha zitolewe nakala steshenari, na plastiki ya moto (lamination) ipitishwe kwenye nakala tu, kwani ikishashika haibanduki.

Kufuli si lazima. Ukiliweka, ufunguo akae nao mtoto.

Aliyeasiliwa akiwa mchanga huenda hana kitu. Usimtungie. Weka picha ya jengo la makao, jina alilofika nalo, na maelezo mafupi ya mlezi aliyemnyonyesha chupa.

Kisanduku bora nacho huharibiwa na wakubwa. Shangazi anakifungua mbele ya wageni, au anamlazimisha mtoto akitazame usiku, kisha analalamika kwamba kakojoa kitandani. Dakika 15 mchana zinatosha, na mtoto ndiye anayefunga. Akilia kidogo kisha akakimbilia mpira, hajasahau. Watoto huomboleza kwa vipande. Akiuliza mama yuko wapi, sema amekufa. Ukisema “amelala”, ataogopa kulala. Aliye chini ya miaka mitano atauliza tena kesho, kwa kuwa bado hajaelewa kwamba kufa hakuna kurudi. Jibu liwe lilelile.

Kisanduku hakimtoshi mtoto anayejiumiza, anayekataa chakula siku kadhaa au anayesema anataka kumfuata marehemu. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa ushauri kuna namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, haikati salio, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako.